Kuhamisha CD zako kwenda kwenye kompyuta bila kupoteza sauti wala majina

Kama nyumbani kuna boksi la CD, za taarabu, za dansi, za kwaya, za kaswida, zile ambazo hata duka lililoziuza lilishafungwa, basi hii kazi usiiweke kiporo. CD inaharibika polepole na haikuambii, siku unayoitaka ndo unakuta inaruka-ruka au deki inazunguka weee haisomi kitu. Kuhamisha siyo kugumu ila kuna namna yake, ukifanya haraka haraka utakuja kuirudia yote, kwa hiyo naelekeza ile njia ya kufanya mara moja ukamaliza. Na nitakaa sana kwenye majina ya nyimbo na wasanii, maana kwa muziki wetu hapo ndo penye kazi kuliko hata sauti yenyewe.

Kwanza zipange, na usizipange kwa alfabeti, zipange kwa ipi inaweza kufa mapema. Zile za kuchoma, ambazo ukizigeuza chini zina kama kijani au bluu au zambarau hivi, hizo ndo za mwanzo kabisa, kwa sababu muziki umechomwa kwenye tabaka la rangi na hiyo rangi inaisha nguvu kwa jua na joto. Zile za kiwandani chini ni rangi ya fedha, alama zake zimegandamizwa kwenye plastiki yenyewe kwa hiyo zinavumilia zaidi. Kwenye hizo za kuchoma tanguliza ambazo hazipo popote duniani: kwaya ya usharika wenu, maulidi ya mtaani, sauti ya babu akitoa nasaha kwenye harusi. CD ya msanii mkubwa wa Marekani weka mwisho, hata ikifa utaipata sehemu nyingine.

Afu jua mkononi una nini, maana CD kwa macho zote zinafanana. Iweke kwenye kompyuta, fungua folda uangalie. Ukiona mafaili yameandikwa Track01.cda, Track02.cda, hiyo ni CD ya muziki ya kawaida na ndo tunayoihangaikia hapa. Na hapa watu wengi sana wanaumia, wanayakopi yale mafaili ya .cda kwenye flashi, wanafunga kazi, wakienda kwenye gari hamna kitu. Lile faili halina muziki ndani, angalia ukubwa wake, haifiki hata 1 KB, linaonyesha tu wimbo unaanzia wapi kwenye CD. Ukiona mafaili ya .mp3 basi hiyo ni CD ya MP3, zile za nyimbo 100 za mchanganyiko, hiyo haihitaji ufundi, kopi yote peleka kwenye kompyuta imeisha. Usijisumbue kuzigeuza kuwa aina nyingine ukidhani sauti itapanda, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ukiona folda inaitwa MPEGAV yenye AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD, na taarabu nyingi za kisasa na kwaya ziliuzwa hivyo, hizo fungua na VLC, programu ya bure ya kupigia muziki na video, kopi lile faili la .DAT lote kama lilivyo uhifadhi, afu kama unataka sauti peke yake VLC hiyo hiyo inaweza kukutolea kwenye sehemu ya Convert.

Sasa vifaa. Laptop mpya nyingi hazina sidiromu, kile kifaa cha kusomea CD, utatafuta ile ya nje ya kuchomeka USB, au laptop used yenye sidiromu yake, ambazo Kariakoo bado ziko. Hii ya nje ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye zile USB za kugawanya, inakula umeme mwingi inapoanza kuzunguka na ukiwa mdogo inasoma vibaya, ndo maana nyingine zinakuja na waya wenye vichwa viwili. Kama una kompyuta ya mezani yenye sidiromu yake ya ndani tumia hiyo, mara nyingi zinasoma CD zenye michubuko vizuri kuliko hizi nyembamba. Ila kama umeme kwenu unakatika-katika basi laptop yenye betri nzima itakuokoa na mengi. Na ukiweza kuwa na sidiromu mbili tofauti ni bora zaidi, CD inayogoma huku inasomeka kule, hii inatokea sana wala siyo bahati.

Kabla ya kuiweka ndani isafishe. Kitambaa laini kile cha kufutia miwani, ikiwa na mafuta au vumbi lililoganda tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji ya vyombo, afu ikauke kabisa. Unafuta kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, usizungushe. Sababu ni kwamba muziki umeandikwa kwa kuzunguka, na CD ina ujanja ndani yake wa kujirekebisha pakikosekana kipande kidogo, kama milimita 2.5 hivi za njia yake inaweza kuziba bila wewe kusikia chochote, kwa hiyo mchubuko unaokatiza inauruka salama ila ule unaoifuata njia ya muziki ndo unaua wimbo mzima.

Watu wanaogopa sana michubuko ya chini kumbe ya juu ndo mibaya. Chini kuna plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, hapo hata fundi anaweza kupolishi ikasomeka. Juu, upande wenye maandishi, ile karatasi ya kung'aa inayorudisha mwanga iko hapo hapo chini ya vanishi nyembamba tu, ukikwangua umeondoka na muziki. Inyanyue CD kwenye taa uangalie, ukiona vitundu vya mwanga vinapenya ujue hapo pameshakwenda. Na kwa sababu hiyo hiyo, zile CD za kuchoma zilizobandikwa stika ya karatasi juu, USIBANDUE hiyo stika hata kama imechakaa inakukera, itatoka na tabaka lote. Habari ya dawa ya meno nayo, ni kweli wakati mwingine inasaidia kwa upande wa chini maana inasugua kama msasa laini, lakini hiyo iwe ya mwisho baada ya kujaribu sidiromu nyingine na kusoma kwa spidi ndogo, na usiiguse kabisa kwa CD ambayo haina nakala duniani, hiyo mpelekee mtu mwenye mashine.

Programu sasa. Kwa Windows tumia Exact Audio Copy, ni ya bure. Windows Media Player inaweza pia kuhamisha na siku hizi inatoa hata FLAC, aina ya faili isiyotupa sauti, ila haikuambii kama imesoma vizuri au imekisia, na hapo ndo tofauti ilipo. Programu ya kawaida ikikuta sehemu imegoma inaziba tu na kuendelea, unakuja kusikia "tk tk" mwezi ujao ukiwa umeshagawa CD. Exact Audio Copy ukiiweka kwenye Secure inasoma kila kipande angalau mara mbili ikilinganisha, zikipishana inarudia tena na tena, inaweza kufika mara 82 kwa kipande kimoja, ndo maana CD mbovu inaweza kula saa nzima na zaidi, iache ifanye kazi usiizime. Wa Mac watumie XLD, wa Linux kuna whipper, na fre:ac iko kwa wote ukitaka kitu chepesi zaidi.

Mara ya kwanza ukiifungua Exact Audio Copy itakuuliza maswali, itataka uweke CD ipime sidiromu yako. Hapo weka CD ya kiwandani ya msanii maarufu wa nje, ile uliyoiweka mwisho wa foleni. Kuna hifadhi ya mtandaoni inaitwa AccurateRip ambapo watu wa dunia nzima wamepeleka alama za hesabu za CD zao, na programu ikikuta CD inayojulikana inajua sidiromu yako inaanza kusoma mbele kidogo au nyuma kidogo kiasi gani na inarekebisha yenyewe. Baada ya hapo kila CD ukimaliza inakuambia kama ulichopata kinafanana na walichopata wengine, na kikifanana lala usingizi.

Tatizo CD zetu nyingi haziko huko. Utaweka CD ya taarabu itakuandikia kwamba haipo kwenye hifadhi, wala siyo kosa usiogope, ni kwamba hakuna mwingine aliyeipeleka. Dawa yake ni kitufe cha "Test & Copy", inasoma wimbo mara mbili mwanzo mpaka mwisho afu inakuonyesha namba mbili za CRC, yani alama za hesabu za wimbo, zikifanana umeupata kama ulivyo, zisipofanana kuna mahali panasumbua, futa CD tena au hamia sidiromu nyingine. Inachukua muda mara mbili ndiyo, lakini kwa CD ambayo hakuna pa kuilinganisha hii ndo njia ya uhakika uliyonayo. Ile ripoti inayotoka mwishoni, log, ihifadhi kwenye folda ya albamu.

Kuhusu aina ya faili sitazunguka, chukua FLAC. CD inabeba sauti ya 44.1 kHz bit 16, ambayo ni kama MB 10 na nusu kwa dakika moja, CD ya saa nzima inakaribia MB 635 ikiwa mbichi. FLAC inaibana mpaka kama MB 300 au 400 na haitupi kitu hata kimoja, ukiifungua unarudishiwa kile kile. MP3 ya 320 ni kama MB 144 kwa saa, ndogo ndiyo, sauti nzuri ndiyo, ila kuna vitu imetupa na huwezi kuvirudisha, siku ukitaka kuigeuza kwenda aina nyingine inatupa tena. Diski siku hizi siyo ghali kama zamani, CD 100 kwa FLAC ni kama GB 40 tu. Ile namba ya kubana kutoka 0 mpaka 8 haigusi sauti, weka 8 au iache ilivyo. Wa iPhone tu ndo wafikirie ALAC badala ya FLAC, ni ile ile kazi, na unaweza kugeuza moja kwenda nyingine bila hasara yoyote.

Majina

Hapa tulia. CD nyingi hazina majina ya nyimbo ndani yake, kompyuta inapima tu kila wimbo unaanzia wapi afu inaenda kuuliza mtandaoni CD yenye vipimo hivi ni ipi. Ndo maana kwa CD za Ulaya majina yanakuja yenyewe na kwa zetu inakuja Track 01, au mbaya zaidi yanakuja majina ya CD ya mtu mwingine kabisa, na taarabu ndo inaathirika maana CD ina nyimbo nne tano ndefu tu, na vipimo vichache hivyo ni rahisi kufanana na vya CD nyingine. Kwa hiyo kila jina lililokuja lenyewe lisome ulilinganishe na kava. Na ukiona maelekezo ya zamani yanakutuma freedb, hifadhi ya zamani ya majina ya CD mtandaoni, hiyo ilifungwa 2020, tumia MusicBrainz.

Amua mapema jina la bendi utaandikaje, maana bendi zetu zimebadilisha majina sana. Msondo Ngoma ndo ile ile NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ukiandika kama ilivyo kwenye kila CD kompyuta itakutengenezea bendi nne. Culture Musical Club ya Zanzibar ndo Mila na Utamaduni. Bendi ya Franco utaikuta OK Jazz, TPOK Jazz, T.P. O.K. Jazz yenye nukta na isiyo na nukta. Mimi naona njia inayofaa ni hii: kwenye tagi, zile sehemu za maelezo zilizo ndani ya faili la wimbo, sehemu ya Artist andika kama kava lilivyosema, maana hilo ndo jina la wakati huo na lina historia yake, ila kwenye Album Artist weka jina moja ulilolichagua kwa CD zote za bendi hiyo, hapo zinakaa pamoja kwenye orodha na ukweli haujapotea. Kwa taarabu kikundi kiende Album Artist, mwimbaji Artist, na mtunzi wa shairi aende Composer, tafadhali usimwache mtunzi, kwenye taarabu shairi ni nusu ya wimbo na mara nyingi yule aliyeliandika hajaimba. Wapiga solo, rizimu, besi, tarumbeta, kama kava limewataja waandike wote kwenye Comment. CD za mchanganyiko Album Artist iwe "Wasanii Mbalimbali" kote, usichanganye leo Kiswahili kesho Kiingereza.

Genre ndo inanikera kupita yote. Mtandao ukikuletea utakuta "World" kwa kila kitu, taarabu World, mchiriku World, benga World, yani bara zima limewekwa kwenye neno moja. Futa hiyo uandike jina lake: Taarabu, Dansi, Rumba, Benga, Kwaya, Kaswida, Ngoma, Bongo Fleva, Singeli. Utafaidi siku unataka kusikiliza dansi tu Jumapili mchana.

Mwaka nao angalia. CD imetoka 2000 na kitu lakini nyimbo zimerekodiwa Radio Tanzania miaka ya 70, ukiweka mwaka wa CD peke yake mtu atadhani ni za juzi. Mwaka wa CD kaa nao kwenye Year ukipenda ila wa kurekodiwa uandike kwenye Comment kama unaujua kwa uhakika, usipoujua acha wazi, usikisie, maana ulichokisia leo kesho mwanao atakiamini.

Jambo dogo lenye usumbufu: majina yenye ng', kama Ng'ombe au Ng'wana, tumia kile kikoma kilichonyooka cha kibodi kila mahali, ukichanganya na kile kilichopinda ukitafuta wimbo haupatikani. Na kwenye majina ya mafaili Windows haitaki alama kama ? na : na /, kwa hiyo wimbo wenye alama ya kuuliza iache kwenye tagi tu. Folda panga hivi: bendi, ndani yake mwaka na albamu, ndani yake 01 - jina la wimbo. Hizo sifuri za mbele muhimu, bila hivyo kwenye vifaa vingine namba 10 inakaa juu ya 2. Kwa kurekebisha tagi nyingi kwa mpigo tumia Mp3tag, licha ya jina lake inafanya FLAC vizuri tu.

Kava lipige skani kwa dpi 300, mbele, nyuma na kurasa zote za ndani, huna skana tumia simu kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha bila flashi, kava limelala sawasawa. Ya mbele iite folder.jpg uiweke kwenye folda ya albamu. Kurasa za ndani ndo hasa nazisisitiza, majina ya waimbaji na wapigaji kwa CD nyingi za kwetu yako pale tu na hakuna sehemu nyingine ya kuyatafuta. Ikiwa ni ya kuchoma haina kava, kaa na mzee wako au shangazi ambaye alikuwa anaenda kwenye hiyo dansi, mpigie, muulize nani anaimba hapa, andika na uandike umeambiwa na nani. Hii usiicheleweshe kuliko hata CD zenyewe.

Ukishamaliza kuandika, fungua akaunti ya bure MusicBrainz uiingize hiyo albamu na vipimo vyake, programu ya Picard inakusaidia. Mtu wa Muscat au wa Minneapolis mwenye CD kama yako akiiweka kwenye kompyuta yake majina yatakuja sahihi. Majina ndo unapeleka, muziki wenyewe usiutupie mitandaoni wala kuuza kopi, huo una wenyewe, ukitaka wanufaike nunua kazi zao pale zinapouzwa.

Kupiga ni rahisi. Kwenye kompyuta foobar2000 au VLC, kwenye simu ya Android FLAC inapiga bila tatizo. Sabufa nyingi na redio za gari zenye tundu la USB zinajua MP3 tu, sasa usiguse FLAC zako, mwambie foobar2000 au fre:ac ikutolee nakala za MP3 kwenye folda nyingine na hizo ndo uziweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Ukiona gari linapiga nyimbo shaghalabaghala ni kwamba redio nyingine hazifuati majina, zinafuata ipi ilikopiwa kwanza, futa flashi ukopi upya albamu moja moja.

Nakala sasa, na hapa sitaki mzaha, hard disk inakufa siku moja bila kuugua. Ziwe mbili za nje, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu nyumba nyingine, maana mwizi na moto na maji ya mvua havichagui. Flashi siyo ghala, ni ya kubebea tu. Zile GB 15 za bure za Google hazitatosha FLAC zako ila picha za kava na log zinaingia zote, ziweke huko. Kila baada ya miezi kadhaa chomeka hizo disk ujaribu, FLAC ina alama ya hesabu ndani yake kwa hiyo foobar2000 inaweza kukagua mafaili yote na kukuambia lipi limeharibika, likiharibika unachukua zima kutoka kwenye disk ya pili. Na CD zenyewe usizitupe wala kuzigawa, zisimamishe kwenye makasha yake mahali pakavu mbali na dirisha.